Ukuta wa Chumba cha Fundi

Inspekta alikuwa ameliuliza swali hilo kwa upole, kwa ukali na kwa mzunguko. Sasa aliliuliza kwa uchovu.

"Mama, vidonge vimekwenda wapi?"

Mama mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo cha polisi, miguu peku, akikunja pindo la kitenge chake na kulikunjua. Juu ya meza baina yao palikuwa na kopo la bati la kuenea kiganjani, kifuniko kando. Lilikuwa kopo la vidonge vya kuulia wadudu wa mahindi, na lilikuwa tupu.

Koplo alilikuta uvunguni mwa kitanda cha mama huyo asubuhi ileile mpangaji wake, fundi cherehani wa kitongoji, alipokutwa amekufa sakafuni. Kwa Koplo kesi iliishia hapo. Fundi alitapika usiku kucha, akabanwa na kifua, akafa. Daktari wa wilaya aliandika "sumu". Aliyekuwa akimpikia ni mwenye nyumba, na sumu ilikuwa chini ya kitanda cha mwenye nyumba. Kilichobaki ni gari la kesho la kumpeleka mahakamani mjini, akasomewe shitaka la kuua kwa kukusudia.

Inspekta angependa sana na yeye aishie hapo. Goti lilikuwa linamsumbua, likizo yake ilikuwa imeahirishwa mara ya pili, na binti yake alishaacha hata kuuliza mama anarudi lini. Lakini utupu wa lile kopo ulimkera. Kidonge kimoja kinatosha kumlaza mtu mzima asiamke tena. Hakuna mpishi, hata awe na chuki ya namna gani, anayemimina kopo zima kwenye mboga na mlaji asishtuke.

"Ulilinunua limejaa?"

"Limejaa."

"Ukatilia nini?"

"Mahindi."

"Mahindi yapi?"

Hapo ndipo walipokuwa wakikwama tangu asubuhi. Mama mwenye nyumba alimtupia jicho mtu aliyesimama mlangoni, akarudisha macho kwenye pindo la kitenge.

Mtu wa mlangoni alikuwa mkaguzi wa Bodi ya Nafaka, mwanamume mwembamba mwenye kofia ya Bodi na viatu vilivyokwisha visigino. Alikuwa akiizungukia kesi hii tangu aliposikia habari za kopo. Kwa sheria mpya, mkulima haruhusiwi kumuuzia mahindi mtu yeyote isipokuwa Bodi, wala kuyavusha kizuizini bila kibali, wala kubaki nyumbani na zaidi ya chakula cha familia. Bodi yenyewe ilikuwa bado haijaanza kununua. Mlango wa kituo chake ulikuwa na kufuli, na juu ya kufuli karatasi iliyowataka wakulima wasubiri tangazo. Wakulima walikuwa wanasubiri. Wadudu hawakuwa wanasubiri.

"Huyu mama ameandikisha magunia ya chakula tu," mkaguzi alisema. "Nimeyafungua mwenyewe. Hayajaguswa na dawa."

"Umesikia," Inspekta alimwambia mama. "Kama hukuyatilia hayo, na kama huna mengine, Koplo hapa atasema vidonge vilikwenda tumboni kwa fundi. Na hakimu atamsadiki."

"Sikumtilia fundi kitu."

"Basi niambie vilikokwenda."

Mama mwenye nyumba alifumba mdomo. Inspekta alishaona watu wengi wakinyamaza kwenye benchi lile. Wengi hunyamaza kwa kiburi au kwa hofu, na huwa wanatoa jasho. Huyu alinyamaza kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake na hana pa kumtua.

Nje, kwenye ngazi, Koplo alikuwa na maelezo yake tayari.

"Mkuu, sababu anayo. Kitongoji kizima kinasema fundi alikuwa anapeleka habari Bodi. Walishaanza hata kumsusia nguo zao."

Inspekta alimgeukia mkaguzi. "Ni kweli? Alikuwa mtu wenu?"

Mkaguzi alicheka kwa pua. "Laiti. Sina mtu kule, afande. Kule hata salamu wananipa kwa kubana. Huyo fundi nilimpelekea suruali mara moja, nikamchokoza kidogo, nikamuuliza nani ana mzigo. Akaniambia yeye anachojua ni mapindo tu."

"Akaishia hapo?"

"Suruali aliishona vizuri," mkaguzi alisema.

Inspekta alimwagizia chai, akamwacha akiipuliza, akamwambia Koplo awashe gari. Mkaguzi aliposhtuka, walikuwa wameshatoka getini.

*

Chumba cha fundi kilitazama barabara. Kitanda kilisukumwa ukutani, cherehani ilikaa chini ya dirisha ili ipate mwanga, na kwenye misumari zilining'inia nguo za watu ambao sasa hawakujua wamuulize nani. Palikuwa na harufu ya chokaa, na chini ya chokaa harufu nyingine.

"Ulipoingia mara ya kwanza palikuwa na harufu hii?" Inspekta aliuliza.

"Ilikuwa kali zaidi. Nilidhani mboga imechacha."

"Mboga gani?"

Koplo alitazama huku na huku. Hapakuwa na chungu, sufuria wala sahani. Fundi alikula kwa mwenye nyumba, upande wa pili, chungu kimoja na watoto wa mwenye nyumba, na watoto hao walikuwa wazima wa afya kwa shangazi yao.

"Fungua dirisha," Inspekta alisema. "Na mlango uache wazi."

Aliinama kwa shida, mkono mmoja kwenye goti. Chini ya kitanda, kando ya ukuta, walilala mende chali, na mjusi mmoja mkavu. Alisimama akaiendea cherehani. Bamba la shaba lenye nembo ya kiwanda, ambalo mafundi hulisugua mpaka wakajiona, lilikuwa jeusi. Alilipitishia kidole. Weusi haukutoka.

"Hii redio yake?"

"Ndiyo. Haisemi. Jirani anasema fundi alilalamika jioni ile kwamba imezima ghafla na betri ni mpya."

"Ifungue."

Koplo alitoa kisu chake cha mfukoni, akabandua mgongo wa redio. Nyaya za ndani zilikuwa nyeusi tii, kama zimepitiwa na moto, lakini plastiki iliyozizunguka haikuwa imeyeyuka hata chembe.

Inspekta alipokuwa konstebo mpya alilinda ghala la nafaka karibu na reli. Kila mwaka walikuja wafanyakazi waliofunika uso, wakayavika magunia maturubai, wakaweka vidonge ndani, wakamfukuza kila mtu mpaka paka. Na kila mwaka fundi umeme wa ghala lile alitukana matusi ya nguoni, kwa sababu dawa ile ilimlia nyaya zake za shaba zikawa nyeusi. Inspekta alikuwa amesahau kabisa. Sasa alikumbuka mpaka sauti ya yule fundi umeme.

"Koplo, dawa hii hailiwi," alisema. "Inavutwa. Kidonge kikipata unyevu kinatoa hewa yenye sumu. Fundi wetu hakula kitu. Alipumua."

"Alipumua kutoka wapi? Chumba ni kitupu."

"Nipe uzi."

Kwenye cherehani kulikuwa na kibiringo cha uzi mweupe. Inspekta alimwambia Koplo ashike ncha kwenye kona ya mlango, naye akauvuta ndani ya chumba mpaka ukuta wa kitandani, akaukata. Kisha wakatoka nje. Wakauweka uzi uleule kwenye ukuta wa nje, kuanzia kona ileile, mpaka pale ambapo kuta za chumba cha fundi na chumba cha mwenye nyumba zilikutana. Uzi ulipungua. Ulipungua kiasi cha mkono mzima, kuanzia bega hadi ncha za vidole.

Koplo aliutazama uzi, akautazama ukuta. "Mbona chumba kimeliwa?"

"Habari zenu," sauti ilisema nyuma yao.

Alikuwa fundi mwashi, shemeji wa mama mwenye nyumba, ndugu wa marehemu mumewe. Aliishi nyumba ya jirani. Alikuwa na mikono mipana iliyopauka kwa saruji, na alisimama akijifuta mikono hiyo ingawa haikuwa na kitu.

"Nzuri, baba," Inspekta alisema. "Nyumba hii uliijenga wewe?"

"Mimi na kaka yangu, Mungu amrehemu."

"Na ukuta wa humo ndani, ule mpya?"

"Mchwa, mama. Mchwa waliula ule wa zamani. Shemeji akaniomba niufunike."

"Lini?"

"Baada ya mavuno. Fundi alikuwa amekwenda kwao kusalimia."

"Kwa hiyo ukajenga ukuta mbele ya ukuta, ukaacha nafasi ya mkono mzima katikati ili mchwa wapate pa kutembea."

Mwashi hakucheka. "Sisi ni watu wa kujenga tu. Mtu akitaka hivi unajenga hivi."

"Umejenga na kwingine hivi?"

"Hapana."

Alilitoa neno hilo haraka mno. Inspekta alikuwa anafungua mdomo kumfuata, lakini mwanamke alichungulia kwenye mlango wa nyumba ya jirani, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Baba, mtoto anatapika tena."

"Mpe maji," mwashi alisema bila kugeuka. "Malaria tu," akamwambia Inspekta. "Imemshika tangu juzi."

"Poleni," Inspekta alisema, akarudi ndani kwa fundi.

Akaweka pua karibu na ukuta, juu ya mto wa marehemu. Mwashi alitumia tofali jembamba na udongo badala ya saruji, na udongo ulipokauka ulipasuka nyufa nyembamba chini ya chokaa. Kwenye nyufa hizo harufu ilikuwa ya kitunguu saumu kilichooza. Alimshika Koplo mkono, akamtoa nje upesi, na mlango akauegemezea jiwe ubaki wazi.

*

"Hukumtilia fundi kitu kwenye chakula," Inspekta alimwambia mama mwenye nyumba.

"Nimesema hivyo tangu siku ya kwanza."

"Lakini dawa yako ndiyo iliyomuua."

Walikuwa wawili tu chumbani. Mkaguzi alikuwa amenuna nje kwenye ngazi, na Koplo aliambiwa akae naye asitoke. Inspekta alieleza polepole, bila kupamba, kwa sababu hakujua namna ya kulipamba jambo kama lile. Mahindi yaliyo nyuma ya ukuta. Vidonge vilivyodondoshwa kutoka juu. Mvua iliyonyesha usiku ule, na unyevu ulioviamsha. Fundi aliyefunga dirisha ili matone yasilowanishe nguo za watu, akalala kichwa chake kikiwa kwenye nyufa.

Mama mwenye nyumba alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni dawa ya wadudu," alisema. "Aliyeniuzia alisema inaua wadudu."

"Hakukwambia uiweke mbali na wanapolala watu?"

"Aliiuza kwa kujificha na mimi niliinunua kwa kujificha. Hatukuongea." Alishika kopo, akaligeuza. "Haya maandishi ya lugha gani, afande?"

"Hata mimi siijui."

Kitenge kilimponyoka mikononi. Machozi yalimtoka bila kelele, na hakuyafuta.

"Alijua," alisema. "Fundi. Tulimwambia ni mchwa. Alirudi kutoka kwao, akasimama mlangoni, akatazama kitanda, akasema, mama mwenye nyumba, hiki kitanda changu kimenenepa. Akacheka. Hakuuliza tena. Watu wakamwita mpeleka habari, nami nikanyamaza, kwa sababu ningemtetea vipi bila kusema alichokificha? Angekuwa mtu wa maneno, tungekuwa tumefungwa wote zamani."

Inspekta alijisikia vibaya, na hakuwa na la kufanya na hali hiyo. Alivuta karatasi ili aandike. Shitaka la kuua kwa kukusudia lilikuwa limekufa. Lingebaki la uzembe, na hilo lina dhamana. Lingebaki pia la mahindi, ila hilo si la polisi kulianzisha.

"Hivyo vidonge bado vinafanya kazi?" mama mwenye nyumba aliuliza.

"Ilimradi kuna unyevu."

Mama aliinua macho kwenye dirisha. Mawingu yalikuwa yamejaa, na upepo ulikuwa umeanza kusukuma vumbi uani. Akaweka kopo mezani kwa uangalifu.

"Sikulimaliza peke yangu," alisema.

Kalamu ya Inspekta ilisimama.

"Niliwagawia. Kila nyumba vidonge vichache. Tulisema, wadudu wakianza kwa mmoja watahamia kwa wote."

"Akina nani?"

"Mkaguzi yuko nje."

"Mama, akina nani?"

"Sitaji jina la mtu. Ukiwaendea wewe watakwambia hawana mahindi, watalala palepale." Alisimama, akajifunga kitenge vizuri. "Nipeleke mimi. Nitawaambia mwenyewe."

Ndipo Inspekta alipomkumbuka mtoto anayetapika, na yeye akisema poleni na kuondoka zake. Aliinuka kwa kasi iliyomfanya goti lipige kelele. Huko nje mkaguzi alikuwa ameshakaa ndani ya gari, kiti cha mbele, kofia mapajani.

"Shuka," Inspekta alisema.

"Kifungu cha sheria kinaniruhusu kuingia popote ambapo—"

"Nakijua kifungu. Basi kaa nyuma, mbele atakaa anayejua njia."

*

Watu walikusanyika bila kuitwa. Gari la polisi likirudi kitongojini na mama mwenye nyumba kakaa mbele, hakuna anayebaki jikoni. Walisimama kwenye milango yao na chini ya vibaraza, upepo ukiwapeperusha nguo, na wote walimwona mkaguzi akishuka nyuma na kuvaa kofia yake.

Inspekta aliwaambia kwa ufupi. Kwamba fundi hakulishwa sumu. Kwamba kuna dawa ndani ya kuta, na mvua ikinyesha itaua tena. Aliye na ukuta wa namna hiyo atoe watoto sasa hivi.

"Sisi hatuna mahindi, afande," mzee mmoja alijibu. Alijibu kwa heshima zote.

"Sijauliza mahindi. Nimesema watoto."

"Watoto wako salama. Mahindi ndiyo hatuna."

Wengine waliitikia kwa vichwa. Inspekta alimtazama mkaguzi, ambaye alikuwa akitazama paa za nyumba kama mtu anayechagua. Angeweza kuingia nyumba moja baada ya nyingine na kuvunja, yeye na Koplo na nyundo moja, na mvua ingewakuta kwenye nyumba ya pili.

Mama mwenye nyumba alikwenda akasimama katikati ya uwanja.

"Mimi ninayo," alisema. "Yako ukutani kwa fundi. Nilitia vile vidonge nilivyowagawia na nyinyi, na ndivyo vilivyomuua. Fundi hakuwahi kumwambia mtu neno. Tulimsusia nguo bure, na mimi nimemuua bure. Mkaguzi, umesikia, ninayo. Sasa toeni watoto."

Hakuna aliyejongea. Fundi mwashi alicheka kicheko kikavu.

"Shemeji amechanganyikiwa. Mahabusu si pa kukaa mtu."

"Shemeji," mama mwenye nyumba alisema, "mtoto wako analala upande gani?"

"Mtoto wangu ana malaria."

"Ana joto?" Inspekta aliuliza.

Mke wa mwashi alikuwa amesimama nyuma yake, na yeye ndiye aliyejibu, sauti ikiwa chini.

"Hana joto. Tangu juzi nashangaa. Anatapika na kusema kifua kinambana, lakini mwili ni wa baridi."

Fundi mwashi alimtazama mkewe. Kisha alimtazama mkaguzi wa Bodi, na kila mtu pale alijua anachokipima. Yeye ndiye aliyezijenga kuta zote. Akiingia ndani mbio, atakuwa amemwonyesha mkaguzi nyumba zote na mikono iliyozijenga.

Aliingia ndani mbio.

Alitoka na msichana mdogo begani, kichwa kikining'inia, midomo imepauka, akihema kwa haraka kama kifaranga. Koplo alishafungua mlango wa gari. Mama wa mtoto aliingia, mtoto akalazwa mapajani, madirisha yote yakashushwa, na gari likaondoka kuelekea hospitali.

Mwashi alibaki amesimama na mikono mitupu. Halafu alirudi ndani, na wakasikia nyundo. Tofali moja lilianguka, la pili, kisha mlio mrefu wa kitu kinachomiminika, na mahindi yakatokea mlangoni yakitambaa juu ya kizingiti mpaka uani, na panya wakavu ndani yake. Mwashi alitoka amefunga shati puani, akakaa chini mbali na mlango.

Nyumba ya pili ilitoa godoro. Kisha ya tatu. Mzee aliyekuwa hana mahindi alitoka amembeba mkewe mgongoni, na mkewe akilalamika kwamba hajavaa viatu. Magodoro yalipangwa chini ya vibaraza, watoto wakakalishwa juu yake, na madirisha yakafunguliwa yote upepo uingie. Ilikuwa kazi ya harakaharaka na hakuna aliyemwangalia mwenzake usoni.

Mkaguzi wa Bodi hakuhitaji kuvunja wala kuuliza. Alipita taratibu kutoka godoro hadi godoro, akiandika jina la mwenye nyumba, na kwa kila jina alisema "samahani" kwa sauti ndogo. Hilo halikumsaidia mtu.

"Utayachukua yote?" Inspekta alimuuliza alipofika kwake.

"Yote. Mpaka kituo kifunguliwe yatakaa kwenye ghala la Bodi."

"Ghala lenu linavuja."

"Najua linavuja, afande." Alifunga kalamu yake. "Mama yangu mwenyewe ni mkulima. Najua kila kitu."

Mvua ilianza na ikapita. Gari lilirudi. Koplo alishuka akiwa amelowa, akamwendea mwashi kwanza, akamwinamia. Mtoto amewekewa oksijeni. Anapumua. Ameomba uji. Mwashi alifunika uso kwa ile mikono mipana, akabaki hivyo.

Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama palepale uwanjani, hakuna aliyemsogelea. Mwanamke mmoja alimpita amebeba shuka na mto. Alisimama kidogo.

"Umetumaliza, mama," alisema, akaendelea na safari yake.

Inspekta alisubiri mpaka mwanamke yule afike mbali.

"Shitaka la kuua nalifuta leo," alimwambia mama mwenye nyumba. "Kuna la uzembe, na la mkaguzi. Yote yana dhamana. Huna haja ya kurudi mahabusu. Anahitajika mtu mmoja tu wa hapa wa kukudhamini."

"Mmoja tu?"

"Mmoja."

Mama mwenye nyumba aliwatazama jirani zake, kibaraza baada ya kibaraza. Walikuwa wanakunjua shuka, wanafuta watoto pua, wanahamisha sufuria. Walikuwa na kazi nyingi, na kila aliyetazamwa aliikumbuka yake. Shemeji yake alikuwa bado amefunika uso.

"Afande, nimechoka kusimama," alisema.

"Naweza kumwomba mzee yule."

"Usimwombe."

Alikwenda garini kwa miguu yake, akakataa mkono wa Koplo, akapanda nyuma. Mkaguzi alikuwa ameanza kuyasoma kwa sauti majina ya watakaopelekwa kituoni, la kwanza, la pili, na wenye majina walikuwa wakiinuka mmoja mmoja kutoka kwenye magodoro. Mama mwenye nyumba aliwaona wakija. Akasogea mpaka mwisho wa benchi la gari, akakusanya kitenge chake, akawaachia nafasi.